Turbo ya motokari yako: konokono kubwa ao ndogo?

Ukurasa huu umezoea kukusemesha juu ya maji safi, chandarua, kofia ya kazi na vumbi la mawe. Leo tunafungua kapo ya motokari. Fundi wa garaji ataniuliza: wewe wa sindano na bandeji, unatafuta nini kwenye moteri? Natafuta kile kinacholeta watu kwangu: mkono ulioungua, kichwa kinachouma kisha safari, mtoto anayekohoa moshi mweusi uani. Mara nyingi ukifuata maneno nyuma, unafika kwenye kipande kimoja cha chuma ambacho mwenye motokari alikinunua bila kujua kipimo chake.

Kipande hicho ni nyumba ya turbini. Ukiangalia turbo utaona vitu viwili vyenye umbo la konokono, vimeshikana mgongo kwa mgongo. Mmoja ni wa aluminiumu, mweupe, unapitisha hewa safi. Mwingine ni wa chuma kizito, umekaa upande wa moshi, na rangi yake ni ya kutu kwa sababu unaungua kila siku. Huu wa pili ndio tunaouzungumzia. Kwa ufupi tutauita konokono ya moto.

Wengi kati yetu sasa wana Land Cruiser ao Hilux iliyopita Kasumbalesa ikiwa tayari na miaka mingi mgongoni. Turbo yake ikifa, ao motokari ikiwa haikuzaliwa na turbo na mwenyewe anaitaka, anakwenda kwenye vipande vilivyotumika. Pale muuzaji anamwambia: «Chukua hii, ni kubwa, itavuta.» Neno hilo «kubwa» ndilo linalotuharibia kazi.

Moteri nayo inapumua

Moteri ya lita 4,2 yenye kazi ya mipigo minne inafyonza lita hizo 4,2 kwa kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 1.500 kwa dakika, inavuta zaidi ya lita 3.000 za hewa kwa dakika. Ikifika mara 3.000, inavuta mara mbili yake. Mazuti bila hewa ya kutosha haiungui yote. Ile isiyoungua inatoka nyuma kama masizi. Unaiona wewe, na jirani yako anaivuta.

Hapa kwetu kuna jambo lingine. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1.200 juu ya bahari, Kolwezi zaidi ya 1.400. Hewa ya huku ni nyepesi: lita moja ya hewa ya Lubumbashi ina karibu sehemu 11 kwa mia pungufu kuliko lita ya hewa ya Banana kando ya bahari, na Kolwezi ni karibu 13. Mtu mwenye ugonjwa wa mapafu anaweza kuhisi tofauti hiyo akipanda ngazi. Moteri isiyo na turbo nayo inaihisi kila siku.

Turbo ilibuniwa kwa kutumia kitu kinachotupwa. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya ubunifu wake mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye moteri bado una joto na nguvu, uache ugeuze gurudumu dogo, na gurudumu hilo, kwa fimbo moja, ligeuze lingine linalosukuma hewa safi ndani ya silinda. Hakuna mkanda, hakuna meno. Fimbo hiyo inazunguka zaidi ya mara 100.000 kwa dakika, na inaelea juu ya mafuta membamba ya moteri. Kumbuka mafuta hayo, tutayarudia.

Kidole kwenye mdomo wa tiyo

Umewahi kumwagilia bustani kwa tiyo? Ukiacha mdomo wazi, maji yanaanguka karibu na miguu yako. Ukibana mdomo kwa kidole gumba, maji ni yale yale lakini yanakwenda mbali na kwa kasi. Konokono ya moto ndiyo hicho kidole. Njia yake ya ndani inaanza pana, inaendelea kuwa nyembamba huku ikizunguka gurudumu, na moshi unafika kwenye mabawa ya turbini ukiwa na kasi. Njia nyembamba: kasi inapatikana mapema, hata moteri ikizunguka polepole. Njia pana: kasi inachelewa, lakini moteri ikikimbia sana moshi haukwami.

Kipimo chake kimechongwa ama kumwagwa juu ya chuma chenyewe, nacho kinaitwa A/R. Herufi A ni eneo la tundu la njia ukilikata mahali fulani. Herufi R ni umbali toka katikati ya fimbo hadi katikati ya tundu lile. Gawa A kwa R. Kadiri unavyoingia ndani ya konokono, A inapungua na R inapungua pamoja, kwa hiyo jibu linabaki lile lile mahali popote unapopima. Ndiyo maana namba moja inatosha kuisema konokono nzima.

Kwa mfano, turbo ya Garrett aina ya T3, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Ulaya na Marekani toka miaka ya 1970, ilipatikana na konokono za 0,36, 0,48, 0,63 na 0,82. Juu ya chuma utasoma nukta na tarakimu mbili tu: .48 ao .63. Kwa moteri ya esansi ya lita 2 inayotembea mjini na njiani, 0,48 ilikuwa ya kawaida. 0,63 ni ya yule anayekubali kungoja ili apate nguvu juu. 0,82 kwenye moteri ndogo kama hiyo ni ya mashindano, na mtu anayekwenda kazini saa kumi na moja ya asubuhi hashindani na mtu.

Hapa angalia sana. Namba hizo za Garrett zinahesabiwa kwa inchi. Mitsubishi anaandika konokono zake kwa sentimita za mraba, sita ao saba kwa turbo za magari madogo. Holset anafanya hivyo pia, na kwenye kamio utakuta 12 ao 16. Namba 6 ya huyu haiwezi kulinganishwa na 0,63 ya yule. Muuzaji akikuambia «ni sawa tu», hajui anachouza. Tena kuna A/R nyingine upande wa hewa, juu ya konokono ya aluminiumu. Ile haibadilishi kitu kikubwa. Wengi wanasoma namba ya upande usiofaa na kurudi nyumbani na furaha.

Wazungu nao walibishana

Mwaka 1973 BMW alitoa motokari ya 2002 Turbo, moteri ya lita 2 yenye nguvu za farasi 170. Aliyekanyaga akselereta alingoja, akangoja, halafu nguvu ikaja yote kwa mara moja, pengine katikati ya kona. Motokari hizo hazikufika hata 2.000 kabla ya kusimamishwa. Bei ya esansi ilikuwa imepanda mwaka ule ule. Porsche 911 Turbo iliyoanza kuuzwa mwaka 1975 ilijulikana kwa tabia ile ile, na kona zenye mvua hazikuwahurumia wenye nayo.

Wahandisi wa Saab, huko Sweden, wakiongozwa na Per Gillbrand, walikwenda njia nyingine. Walichagua turbo ndogo yenye konokono ndogo, ianze kusukuma mapema pale mtu anapoendesha kila siku, kisha wakaweka mlango mdogo pembeni: presha ikifika kiasi kilichowekwa, mlango unafunguka na moshi uliozidi unapita bila kugusa turbini. Saab 99 Turbo ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1977 na nguvu za farasi 145. Pungufu kuliko BMW, lakini mtu yeyote aliweza kuiendesha. Magari mengi ya turbo yaliyokuja nyuma yalifuata njia hiyo ya Saab. Kwa maoni yangu ndiyo inayotufaa hata sisi: konokono ndogo kiasi, na mlango mzima usioziba wala kukwama.

Baadaye ikaja turbo yenye mabawa yanayojigeuza ndani ya konokono. Moteri ikizunguka polepole mabawa yanabana njia, ikikimbia yanafungua. Ni kidole kinachojua chenyewe wakati wa kubana. Toyota nyingi za mazuti, kama Hilux na Prado zenye moteri ya lita 3,0 aina ya 1KD, zina turbo ya namna hiyo. Kama yako ni hiyo, usichague konokono. Hakuna cha kuchagua. Adui yake ni masizi yanayokwamisha mabawa. Isafishwe na anayeijua ao ibadilishwe nzima, na ya namba ile ile. Fundi anayefunga mabawa kwa buloni ili «yasisumbue» amekurudisha kwenye konokono isiyobadilika, tena yenye kipimo ambacho hakuna aliyekihesabu.

Tuchukue motokari tunayoijua

Land Cruiser ya lita 4,2 yenye moteri ya 1HZ, silinda sita, mazuti, bila turbo. Moteri hiyo ilianza mwaka 1990 na bado unaiona kila mahali hapa kwetu, kwenye magari ya wageni na ya wenyeji. Nguvu yake ya juu iko kwenye mizunguko 3.800 hivi. Mwenyewe anataka turbo kwa sababu hewa yetu ni nyepesi na mzigo ni mzito. Si tamaa mbaya.

Fahamu kwanza kwamba 1HZ haikutengenezwa kwa turbo. Inabana hewa mara 22 na zaidi, wakati moteri nyingi za mazuti zilizozaliwa na turbo zinabana kidogo kuliko hapo. Kwa hiyo presha ya turbo iwe ndogo. Nusu bari, usivuke huko kwa kufuata rafiki.

Sasa hesabu ya huku kwetu. Kando ya bahari hewa yenyewe ina presha ya bari 1,01. Ukiongeza 0,5 unapata 1,51, maana yake turbo imezidisha hewa mara 1,5. Lubumbashi hewa ina karibu bari 0,88. Ukiongeza ile ile 0,5 unapata 1,38, na ukigawa kwa 0,88 ni mara 1,57. Manometri inaonyesha namba moja mahali pote pawili, lakini huku gurudumu linazunguka kwa kasi zaidi ili kuifikisha. Mtu anayebana konokono sana kwa sababu «huku hewa ni kidogo» anaipeleka turbo kwenye kasi ambayo haikupewa. Gurudumu likipasuka, konokono ya chuma kwa kawaida inazuia vipande visiruke, lakini mafuta ya moteri yanaingia kwenye hewa, na moteri ya mazuti inaweza kuanza kula mafuta yake yenyewe na kukataa kuzimika. Hapo usiweke mkono wako karibu na mdomo wa hewa. Kama ni giya ya mkono, kanyaga breki, tia giya ya juu na uachilie klachi ife. Ikishindikana, kimbia mbali nayo.

Utajuaje basi konokono ipi? Jiulize unataka msaada wapi. Anayebeba mihogo na watu sita kwenye njia ya udongo anafanya kazi kati ya mizunguko 1.500 na 2.500. Presha ianze kuonekana kwenye 1.500 hivi. Kama mpaka 2.200 sindano bado imelala, konokono ni kubwa, hata kama muuzaji aliisifu. Halafu uangalie upande wa pili. Fundi makini anatoboa tundu dogo kabla ya turbini, anaweka tiyo nyembamba ya shaba na manometri mwishoni, anapima presha ya moshi wakati moteri inafanya kazi ngumu. Kama presha ya moshi ni mara mbili ya presha ya hewa ao zaidi, konokono ni ndogo mno: moteri inasukumana na moshi wake yenyewe, kama mtu anayelazimishwa kutoa pumzi kupitia mrija wa Fanta.

Kwenye moteri ya esansi konokono ndogo mno ina hila nyingine. Moshi wa moto unabaki ndani ya silinda, unachanganyika na esansi mpya, na esansi inawaka kabla ya wakati wake. Unasikia mgongano mdogo mdogo kama mawe ndani ya kopo. Pistoni haitakaa miezi mingi. Na usitie turbo ya mazuti kwenye moteri ya esansi kwa sababu tu buloni zimeingia: moshi wa esansi unaweza kufika nyuzi 950 na zaidi, na vyuma vingi vya turbo za mazuti havikutengenezwa kwa moto huo.

Kuna namna mtu maskini anayojidanganya nayo. Amefunga konokono kubwa, motokari imekuwa nzito chini, basi fundi anageuza visi ya pompi ili mazuti iongezeke. Motokari inakwenda. Wingu jeusi linabaki nyuma yake, na joto la moshi linapanda. Mafundi wengi hawapendi moshi wa moteri ya mazuti uvuke nyuzi 700 kwa muda mrefu, ukipimwa kabla ya turbini. Ukipimwa nyuma ya turbini namba inakuwa ndogo kwa nyuzi mia na zaidi, na inakudanganya. Aluminiumu safi inayeyuka kwenye 660, na ya pistoni inaanza kuyeyuka chini ya hapo. Kinachoiokoa ni maji na mafuta yanayoipoza. Kwa hiyo mama, baba akileta hesabu ya turbo nyumbani, muulize kama bei ya kipima joto imo. Kama haimo, hesabu haijaisha, na karo ya watoto isubirishwe kwa ajili ya kitu kilichokamilika, isiwe kwa nusu yake.

Kwenye soko la vipande angalia vitu vitatu kabla ya kuuliza bei. Konokono iwe imechongwa kwa gurudumu lile lile lililomo. Kati ya bawa na ukuta nafasi ni ndogo sana, na konokono ya kuazima inakwaruza. Shika fimbo, ijaribu mbele na nyuma: mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida, lakini bawa lisiguse ukuta. Angalia nyufa. Nyufa fupi kando ya mlango wa pembeni zinaonekana kwenye konokono nyingi za zamani na si kifo. Ufa uliopita toka ndani hadi nje, acha chuma hicho pale pale.

Moto, moshi na mwili wako

Sasa tunaingia kazini kwangu.

Ukisimama usiku kisha kupanda mlima na mzigo, fungua kapo: konokono inaweza kuwa nyekundu kama makaa. Nyekundu hiyo ni zaidi ya nyuzi 500. Ngozi ya mtu inaungua kwa sekunde moja ikigusa chuma cha nyuzi 70, na kwa sekunde tano ikigusa cha nyuzi 60. Maana yake konokono iliyokwisha kuwa nyeusi, iliyosimama nusu saa, bado inaunguza. Rangi haikuambii kitu. Mtoto anayetumwa kushika taa karibu na mkono wa baba yake hajui hayo.

Akiungua mtu, maji. Maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20 kwa saa. Si barafu. Toa pete na saa ya mkono mapema, kabla vidole havijavimba. Funika kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi zinazoshika, ao kwa plastiki safi ya jikoni. Dawa ya meno, mafuta ya mawese, yai, mkojo, udongo, mafuta ya breki: vyote nimeviona juu ya vidonda, na vyote tunavitoa kwa maumivu kabla ya kuanza kazi yenyewe. Njoo dispanseri kama kidonda kinapita kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake, ambacho ni kama sehemu moja kwa mia ya mwili wake. Kama ni uso, mkono, kiungo, sehemu za siri, ao kama ni mtoto, usipime kiganja, njoo tu. Leta pia karte ya chanjo. Tunataka kuona ile ya pepopunda.

Mafuta ya moteri niliyosema tuyakumbuke yanafika kwenye turbo kwa tiyo nyembamba yenye presha. Turbo ikibadilishwa na nyingine ya umbo lingine, tiyo ya zamani inakunjwa kwa nguvu, na bati la kukinga joto linatupwa pembeni kwa sababu halienei tena. Tiyo ikitoboka, mafuta yanarushwa juu ya chuma chekundu. Motokari inaweza kuwaka namna hiyo bila kugongana na kitu. Bati lirudishwe, hata kama litakatwa na kutengenezwa upya. Kizima moto cha unga kikae mahali mkono wa shofere unapofika, si chini ya magunia. Kabla ya kuzima moteri, iache ralanti dakika moja ao mbili, mafuta yapoze fimbo. Na moto ukianza chini ya kapo, usiifungue yote: hewa itaulisha. Fungua kidogo, nyunyiza, rudi nyuma.

Moshi una sura mbili. Ule usioonekana ni monoksidi ya kaboni. Hauna rangi wala harufu. Unashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu iliyoshikwa inapita mwilini bure. Moteri ya esansi inautoa kwa wingi, ya mazuti inautoa kidogo ikiwa nzima na zaidi ikiwa imefunguliwa pompi. Konokono yenye ufa, ao kizibo kilichoungua kati ya konokono na moteri, kinaumwaga chini ya kapo, na matundu ya hewa ya kabini yako hapo hapo. Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi unakuja mchana. Ukishuka motokari na kukaa kwenye hewa, unapona. Dalili hiyo ya mwisho ndiyo inayonisaidia. Malaria haiponi kwa kufungua dirisha.

Ule unaoonekana, masizi, unaua polepole. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo chini ya OMS, liliuweka moshi wa moteri za mazuti katika kundi la kwanza, la vitu vinavyoleta kansa kwa mtu kwa uhakika. Moja ya kazi walizotegemea ilifanywa Marekani kwa wafanyakazi 12.315 wa migodi minane isiyo ya metali. Walioivuta hewa ya mazuti zaidi, chini ya udongo, walikufa kwa kansa ya mapafu zaidi. Hao ni watu wa kazi yetu.

Ndiyo sababu naomba jambo moja kwa wale wanaofanya kazi chini ya udongo na mashine za mazuti. Kinachofanyika nyumbani kwenye motokari yako, kubadilisha konokono, kugeuza visi ya pompi, kufunga mlango wa pembeni kwa waya ili presha ipande, kisishuke mgodini. Mashine ya chini ina hewa yake iliyohesabiwa: ventilatera imepewa kazi kwa moteri hiyo, na moshi huo, na si zaidi. Mtu mmoja akiifungulia pompi ili amalize mzigo mapema, mahali pa kazi panajaa na wenzake kumi wanavuta. Ukiona mashine inatoa moshi mweusi kuliko jana, usiseme «imezeeka». Filtri ya hewa imeziba, ao turbo imechoka, ao mtu ameigusa. Mwambie mkubwa wa kazi na iandikwe. Na kama watu watatu wa mahali pamoja wanaumwa kichwa saa ile ile mwisho wa posho, tokeni wote kwenye hewa safi kwanza. Yule aliyeanguka ndani hafuatwi na mtu asiye na kifaa cha kupumulia; wenye vifaa wapo, waitwe.

Nyumbani, moteri isiwashwe ndani ya garaji iliyofungwa, hata kwa dakika za kujaribu turbo mpya. Motokari igeuzwe, bomba la moshi liangalie barabara, si dirisha la chumba wanamolala watoto. Vijana wanapenda mluzi wa turbo na wanakaa nyuma kuusikiliza. Waambie mluzi unasikika vizuri hata kutoka mbele.

Ukija kwetu na kifua ao kichwa, ukaulizwa habari za malaria na chakula, usisahau kusema pia una motokari gani, turbo ilibadilishwa lini, na kama ndani ya kabini kunanuka moshi. Tunaandika hiyo kwenye karte yako pamoja na mengine.